Mtoto wa Jicho Hajaiva

Kwa dada yangu mpendwa Nafula,

Kwanza mgongo wako. Umepungua kuuma tangu mmalize kupanda? Na watoto, na shemeji na kile kifua chake, na yule ng'ombe anayekataa kusimama akikamuliwa, wote wanaendeleaje? Sisi huku tunakula na tunalala. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Ameenda ibadani na jirani yetu Mama Shiko, nami nimebaki nyumbani na karatasi.

Najua utashangaa. Siku hizi nani bado anaandika barua? Lakini simu yako wewe huiweka spika juu ya meza na nyumba nzima inasikiliza, hata jirani aliyepita kuomba chumvi, na haya nitakayosema siwezi kuyasema mbele ya mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nimejaribu mara tatu kukupigia. Mara zote tatu nimeishia kuuliza kama mvua imenyesha.

Sasa jambo lenyewe. Juzi mama alikupigia akakuambia amepona na kwamba atapanda basi Jumatano. Nilikuwa nimekaa kando yake kitandani, nikakusikia ukipiga vigelegele. Dada, mama hajapona. Jicho la kushoto limekwisha, haoni nalo hata mwanga wa taa. La kulia bado linaona kidogo, na Alhamisi anatakiwa kurudi kliniki kwa matibabu ya pili. Akiyakosa, daktari amesema jicho hilo nalo litafuata mwenzake. Mama anayajua haya yote. Anataka kusafiri Jumatano kwa sababu yangu mimi, ili afunike aibu yangu. Nimeona nikikueleza mwenyewe aibu hiyo, hatakuwa tena na kitu cha kufunika. Kwa hivyo keti, usome mpaka mwisho, halafu unitukane ukimaliza.

Mimi sikai Ruiru. Sijawahi kukaa Ruiru, isipokuwa siku kumi na moja nilizolala sakafuni kwa rafiki yangu mmoja nilipofika huku mara ya kwanza, mpaka mke wake akaanza kufagia nikiwa bado nimelala. Ninakaa Kiandutu, hapa Thika, katika chumba kimoja cha mabati. Maji tunateka kwa mfereji mmoja sisi wote wa ploti, na choo ni hivyo hivyo. Wala mimi si msimamizi wa mtu yeyote. Ni kibarua katika kiwanda cha kupanga avokado. Asubuhi tunasimama getini, wanahesabu vichwa wanavyotaka, wengine tunarudi nyumbani.

Unakumbuka matanga ya baba? Khocha, mjomba wetu, aliniuliza mbele ya wazee, "Na wewe kijana, huko unakaa wapi?" Nikasikia mdomo wangu ukisema Ruiru, nyumba ya ghorofa. Nikaona nyuso zao zikibadilika. Wewe mwenyewe ulinitazama kwa fahari, na chai yangu siku hiyo ililetwa kwa kikombe chenye kisahani. Ningeweza kuishia hapo. Lakini mama aliuliza ni ghorofa ya ngapi, nikasema ya tatu. Akauliza kama kuna upepo, nikampa roshani. Mwaka uliofuata nikaongeza vigae, na maji ya moto yanayotoka ukutani. Nilikuwa najenga nyumba ile kwa simu kila Jumapili, na niseme ukweli, nilikuwa naifurahia.

Sasa nakuja kwa macho, na hapa mkono unakuwa mzito.

Wakati wa kupalilia mahindi mwaka jana ulinipigia ukasema mama anaona masizi yakielea mbele yake, anayafukuza kwa mkono kama nzi, na hayaendi. Ukasema nesi wa huko kwenu hana chombo cha kuangalia ndani ya jicho. Ukasema, "Wewe uko karibu na hospitali kubwa, nikulete mama?" Nafula, wakati huo sikuwaza macho ya mama hata kidogo. Niliwaza ile roshani. Niliwaza mama akishuka kwenye gari na kuuliza ngazi ziko wapi.

Nikakuambia, "Hiyo ni mtoto wa jicho. Lazima aive kwanza. Wakimtoa mbichi wataharibu jicho." Ukauliza nimejuaje. Nikasema nimemuuliza daktari wa macho wa hapa Ruiru.

Hakukuwa na daktari. Habari ya kuiva niliisikia kwa mzee mmoja anayetuuzia chai getini, naye aliisikia zamani kwa shangazi yake. Mimi nikaishika kwa mikono miwili kwa sababu ilinipa miezi. Na nilivyoisema! Nilisema kama mtaalamu, kwa kuwa kutwa nzima kazi yangu ni kubonyeza tunda kwa kidole gumba na kusema hii bado, hii tayari. Kumbe hata kazini kwangu ile iliyoiva ndiyo tunayoitupa kando. Zinazosafiri ng'ambo ni ngumu. Iliyoiva imeshachelewa. Nilijua hivyo kila siku kwa mikono yangu na bado nikamwambia mama angoje.

Lililo baya zaidi ni la mwezi wa Agosti. Wale watu wa kambi ya macho walipokuja sokoni Chwele, na kuangaliwa ni bure, ulinipigia ukiwa tayari umemvisha mama viatu. Nilikusikia ukisema, "Mama, ngoja kidogo, niongee na Wanyonyi." Nikakuambia usimpeleke. Niliogopa watasema kitu tofauti na daktari wangu, na hapo mngeuliza jina lake. Ukamvua mama viatu. Sikuviona vikivuliwa, lakini siku hizi naviona kila ninapofumba macho.

Krismasi ulipouliza tena nikasema kazi imebana. Halafu Januari mama akamimina chai ya moto juu ya mkono wake akidhani ni ndani ya kikombe, nawe hukuniuliza tena. Ulimpandisha basi, kisha ukanipigia ukasema, "Nenda ukampokee." Nakushukuru kwa hilo. Ungeniuliza ningekuwa na jibu.

Nilimpokea stendi ya Thika. Alikuwa ameshika kikapu chake akitazama upande ambao sikuwa. Nilisimama mbele yake kabisa, hatua mbili, na hakunijua mpaka nilipoita. Ungedhani hapo ndipo moyo wangu ungelainika na kusema ukweli. Wapi! Nilipoona haoni, nilipumua. Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikamshika mkono nikamwambia, "Karibu Ruiru, mama." Tulipofika nyumbani akauliza ngazi. Nikamwambia nimehamia vyumba vya chini kwa ajili ya miguu yake. Akasema, "Asante, papa." Unajua huniita papa akinionea huruma.

Siku ya kwanza hiyo hiyo nilizunguka ploti nzima nikiwaomba majirani wasitaje Kiandutu mbele ya mama. Wengine walicheka. Mama Shiko alikuwa anafua, akasimama na mikono yake ikidondoka povu.

"Ai, Wanyonyi! Kwani Kiandutu ni matusi?"

"Si matusi, Mama Shiko. Ni mama tu, atasumbuka moyo."

"Haiya! Na choo nayo nimwambie iko Ruiru?"

Lakini alinyamaza kama nilivyomwomba, na tena ndiye aliyekuwa akimshika mama mkono kumpeleka hicho choo kila nilipokuwa kazini. Nimemwonea haya mwanamke huyo kuliko ninavyoweza kueleza. Yeye amezaliwa hapa na amelea watoto wanne hapa, na mimi nilimwomba auone mtaa wake kama kidonda.

Wiki ya pili nilimpeleka kliniki ya macho. Tulikaa kwenye benchi karibu na mzee mmoja wa Gatuanyaga aliyetoka kule kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Yeye alikuwa na mtoto wa jicho kwa miaka mitatu, wakamtoa siku iliyotangulia, na siku hiyo alikuja kufunguliwa bandeji. Alipotoka ndani alikuwa anatazama kiganja chake na kucheka, akitusomea sisi sote kwenye benchi mistari ya mkono wake. Mama alicheka naye. Akaniambia, "Na mimi hivyo hivyo, eti? Ya kwangu sasa imeiva." Nikamjibu ndiyo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimtia mama matone ya kupanua mboni, tukangoja, kisha akamulika ndani kwa muda mrefu, jicho moja, halafu lingine, halafu akarudia la kwanza. Akauliza, "Shosho, uko na sukari?" Mama akasema ndiyo, alipimwa miaka ile, na hunywa vidonge siku akijisikia vibaya. Daktari akaweka kile kitochi chake mezani.

Nitakueleza alivyotueleza, kwa sababu na wewe yanakuhusu. Nyuma kabisa ya jicho kuna ngozi nyembamba inayoitwa retina. Hiyo ndiyo inayoshika picha ya kila kitu tunachoona. Sukari ikikaa juu kwa miaka, vile vimishipa vidogo vya hiyo ngozi vinaoza na kuvuja damu. Yale masizi mama aliyokuwa akifukuza kwa mkono yalikuwa damu yake mwenyewe. Baadaye panaota makovu, makovu yanaivuta ngozi mpaka inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Jicho la kushoto lilikuwa limeshabanduka, tena zamani.

"Mtoto wa jicho hata ukichelewa, tunatoa na mtu anaona," akasema. "Hii nayo haingojangi. Mngekuja wakati wa hayo masizi tungechoma na leza, tungeokoa yote mbili. Sasa ni nani aliwaambia mngojee iive?"

Alikuwa ananitazama mimi. Mama alikuwa amekaa na uso wake umeelekea ukutani, machozi ya yale matone yakimtiririka, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni mimi, daktari. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa kisu. Huyu kijana amenisihi sana."

Nilimwacha mama alibebe kosa langu. Daktari akamwambia, "Pole, shosho, lakini uliharibu," na mama akainamisha kichwa kama mtoto wa shule, nami nikiwa nimesimama pale pale, mtu mzima na ndevu.

Halafu daktari akachukua kadi aandike. "Mnakaa wapi?" Nikaanza kusema Ruiru. Hilo neno sasa linatoka lenyewe. Lakini mama alinitangulia.

"Kiandutu," akasema. "Ploti iliyo nyuma ya lile kanisa la mabati. Ukifika uliza Mama Shiko."

Sikumbuki tulivyotoka. Nakumbuka tumekaa nje ukutani, mama akimenya ndizi. Nikamuuliza amejua lini.

"Siku niliyofika. Kuna mwanamke alikupigia kelele, 'Wanyonyi, maji yamerudi Kiandutu, leta mtungi!' Papa, macho ndiyo yameharibika. Masikio yangu ni mazima."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilidhani utaniambia mwenyewe. Halafu nikaona unavyohangaika na mambo ya ngazi, nikaogopa kukuaibisha."

Basi ndivyo tumeishi tangu siku hiyo. Mwezi uliopita alichomwa leza ya kwanza kwenye jicho la kulia. Alisema inauma kidogo, kama kutazama radi kwa karibu. Mtaalamu wa retina haji kliniki hii kila siku, ni Alhamisi moja tu katika mwezi, na watu wanatoka mbali kumngoja. Leza ya pili ni Alhamisi hii inayokuja. Baada yake kuna sindano, na itachukua miezi. Macho mapya hayaahidiwi. Ila daktari anasema hiki kidogo kilichobaki kinaweza kukaa. Kwa kidogo hiki mama anaona uso wa mtu akimkaribia, na anajua avokado zangu za kutupwa zina doa upande gani.

Na wiki iliyopita ukasema kwa simu, kwa furaha, kwamba kwa vile mama anakaa sana, wewe na khocha mtakuja kumwona na mjionee hiyo Ruiru. Mama aliikata simu taratibu. Siku iliyofuata ndipo alipokupigia akasema amepona. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Wakija watakuona. Ndugu zako watakucheka mpaka unazikwa. Mimi nimeshaona vya kutosha, papa. Mazishi ya baba yako niliyaona, watoto wa Nafula nimewaona. Inatosha."

Yaani mama yuko tayari kupofuka ili mimi niendelee kuwa na roshani.

Nimemsihi, amekataa. Ndiyo maana nimeandika. Dada, usimngoje Jumatano. Njooni, wewe na khocha, mje kama mlivyopanga, lakini mshuke Thika. Chumba ni kidogo na mtalala kwa zamu, ila mtakaribishwa. Khocha akitaka kucheka, acheke hapa hapa mbele yangu, nitamchemshia chai. Ukiweza, msomee barua hii yote. Usiruke ile ya viatu.

Na wewe, nenda upimwe sukari. Usiseme huumwi. Mama naye hakuumwa popote. Na kama sukari iko, uwaambie waangalie nyuma ya jicho hata kama unaona vizuri. Hayo nimemuuliza daktari, safari hii daktari wa kweli.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kulima bila shati na kifua kile. Salamu kwa mama mkwe wako aliyeniombea sana kazi, mwambie maombi yalifika, mimi ndiye niliyeyaongezea chumvi. Kwa mjomba wetu khocha, heshima zangu. Kwa watoto wako watatu, waambie kukhu, bibi yao, anawataja kila siku kwa majina yote mawili. Barua nampa mwenzangu wa kazini anayesafiri kesho kwenda Kimilili, ataifikisha mkononi mwako.

Nilikuwa nimefikia hapo mama aliporudi. Nilitaka kuikunja na kuificha, mkono ukakataa. Nikamwambia nimeandika kwenu, nikamsomea yote, neno kwa neno. Ya Kiandutu alitikisa kichwa tu, na ya Mama Shiko akacheka kidogo. Lakini nilipofika kwa daktari wa Ruiru, aliuondoa mkono wake kwenye goti langu.

"Hakukuwa na daktari?"

"Hakukuwa, mama."

Mama alikuwa amemwamini huyo daktari. Muda wote huu alidhani mimi nilimwelewa mtu vibaya, na ndiyo sababu alinifunika kule kliniki. Nilisoma mpaka mwisho. Hakuniita papa. Alikaa na kile kitambaa chake cha kichwa mapajani, akikikunja na kukikunjua, mpaka nikadhani hatazungumza nami tena maishani. Halafu akageuza uso akanitafuta kwa lile jicho la kulia, akanipata.

"Alhamisi tunaamka saa ngapi?" akauliza.

Ni mimi ndugu yako mdogo,

Wanyonyi,
Kiandutu, Thika.